Mtoto Aliyelala Chunguni

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, au tisa, sijui vizuri maana nyumbani kwetu hakuna aliyeandika, nilimtoa mdogo wangu kwenye chungu nikamweka kifuani kwangu, na kesho yake akafa. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikaa kooni miaka yote. Mengine nitakayosema yanazunguka hapo hapo.

Kijiji chetu kiko juu ya Njombe, kwenye vilima vya miti ya miwati, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu hadi misheni. Asiyeijua Juni ya kule nimwambie hivi: unaamka unakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi, nyeupe kama chumvi, na ng'ombe anatoa moshi puani. Sisi watoto tulimwinua ng'ombe alipolala, tukasimama pale pale miguu ipate joto kabla halijaondoka. Ndivyo tulivyoishi na baridi, kwa kuiba joto la wengine.

Juni hiyo mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku moja akawa anarudi kutoka kisimani, akakaa chini njiani, akaniambia nikimbie nimwite bibi. Jioni mtoto akawa nje. Wa kiume. Mguu wake ulikuwa sawa na kidole changu cha kati, ngozi nyekundu, nyembamba, mishipa unaiona yote.

Bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru. Alimpokea, akamtazama kwa mwanga wa moto, akasema, "Huyu hajafika. Amewahi tu." Halafu akanituma nikalete chungu.

Kila nyumba ina desturi zake, na ya nyumba yetu ilikuwa hiyo. Mtoto aliyewahi hakuhesabiwa kuwa amezaliwa. Tumbo la mama yake limemtoa kabla ya siku, kwa hiyo anatafutiwa tumbo la pili, la udongo. Chungu kile kikubwa cha kupikia pombe ya ulezi kinatandikwa manyoya ya kuku na matambara ya nguo za mama, mtoto analazwa humo, chungu kinawekwa kando ya mafiga. Anakaa humo mpaka miezi aliyobakiza iishe. Siku ikitimia wanawake wanamtoa, wanapiga vigelegele, wanamwogesha, wanampa jina. Hapo ndipo amezaliwa. Kabla ya hapo hana jina, wageni hawamwoni, na habebwi. Hilo la kutobebwa ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Hata mama yake hambebi.

"Huyu ana cheche tu," bibi alitueleza, mimi na mama. "Ninyi mna moto mzima. Ukimweka kifuani, kifua kinamnyonya cheche yake, wewe unabaki umeshika jivu."

Mama aliuliza kwa sauti ndogo, "Hata kunyonya, mama?"

"Utakamua. Nitamlisha mimi."

Na kweli alimlisha. Sitaki mtu amwone bibi yangu kuwa mtu mbaya, maana hakuwa mbaya. Alikamulia maziwa ya mama kwenye kibuyu, akachovya unyoya wa kuku, akamdondoshea mtoto mdomoni tone moja, akasubiri ameze, tone lingine. Alikaa pale mgongo umepinda mpaka ukamwuma. Na alikuwa na sababu ya kuamini. Baba yetu mwenyewe, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya chai na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, aliwahi kulala ndani ya chungu kile kile. Bibi alikigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia.

"Baba yako unamwona? Miezi miwili alikaa humu. Leo ana mabega kama mlango wa kanisa."

Sasa mimi ningebisha nini?

Siku ya tatu mama alishikwa na homa, akawa analala tu nyuma ya kizuizi cha mianzi. Bibi akaamua kuvuka bonde akaombe kuku kwa jamaa yetu mmoja, apate supu ya mama na manyoya makavu ya mtoto. Akanisimamisha mlangoni.

"Visensia, kazi yako ni moja. Moto usizimike. Na mkono wako usiingie kwenye chungu."

"Ndiyo, bibi."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema nilichosema."

Nikasema. Moto usizimike, mkono usiingie. Akaenda.

Baada ya mchana ukungu ulishuka, ule unaoingia mpaka ndani ya nyumba. Kuni za mwati zilikuwa na unyevu, zikawa zinatoa moshi bila mwali. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Mtoto akaanza sauti. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu anasukuma mlango mzito: nh, nh, nh. Nilimwita mama, hakuitika, homa ilikuwa imempeleka mbali. Nikasogeza chungu karibu na mafiga kidogo. Sauti ikaendelea. Nikasema nimguse mguu tu, mara moja. Ulikuwa wa baridi kama kokoto ya mtoni.

Hapo sikufikiri. Nilifanya kama tulivyofanya kwa vifaranga. Kifaranga kikinyeshewa, sisi watoto tulikitia ndani ya gauni, kikatulia pale kifuani mpaka kikakauka na kuanza kudonoa. Nikamtoa mdogo wangu nikamtia ndani ya gauni, tumbo lake kwenye ngozi yangu, nikajifunga kaniki ya mama juu yake, nikakaa karibu na moto ule wa moshi.

Alisukuma mlango wake mara chache tena. Halafu akajikunja, akageuza kichwa, shavu likakaa hapa chini ya shingo yangu. Akanyamaza.

Nilikaa naye muda gani sijui. Nilikuwa nimefukia viazi kwenye majivu. Viliiva, vikaungua, nikavinusa vikiungua na sikuinuka. Nilikuwa na furaha. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa na furaha kama ya siku ya Noeli, nikihisi mgongo wake mdogo unapanda na kushuka.

Bibi aliingia na kuku kwapani. Aliponiona alimwachia kuku, na kuku akaruka akaingia hadi kwenye kitanda cha mama. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alifungua kaniki, akamtoa mtoto, akamsogeza sikioni.

"Amenyamaza," alisema. "Unaona? Alikuwa na sauti, sasa hana. Umemnyonya."

Mama aliamka kwa vurugu ya kuku, akajiinua kwa kiwiko, akanyoosha mikono yote miwili. "Nipe mimi, mama. Nipe basi mimi."

"Lala," bibi alimwambia, wala si kwa ukali. "Wewe unaumwa. Lala."

Mama akalala. Mtoto akarudishwa chunguni. Baadaye kidogo ile sauti ya kusukuma mlango ikaanza upya, na bibi akaniangalia kama anayesema kwamba huenda nimesamehewa. Asubuhi wakati wa unyoya na kibuyu, chungu kilikuwa kimya.

Alizikwa humo humo, nyuma ya nyumba, chungu kikafunikwa kwa kigae. Hakuliliwa, maana hakuwa amezaliwa. Majirani walipopita walimsalimia mama kama mtu aliyekuwa na homa akapona. Lakini maziwa hayakujua kuwa mtoto hakuhesabiwa. Nilimwona mama siku kadhaa, amesimama nyuma ya nyumba karibu na lile kaburi, anakamua chini, kwenye udongo, uso ameuelekeza kwenye miwati.

Bibi aliniambia neno moja tu juu ya jambo lile. "Baba yako usimwambie." Alidhani ananificha. Nami nikajificha.

Niliolewa Makambako, tukawa tunauza mbao na viazi kandokando ya barabara kuu. Nilizaa watoto wanne, wote kwa miezi yao, namshukuru Mungu. Nikishawanyonyesha niliwaweka kitandani haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Mgongoni nimewabeba, lakini kifuani, kukaa tu na mtoto kifuani, hapana. Wajukuu walipokuja wakawa wananitania mbele ya wageni. "Bibi yetu ana mikono mifupi! Bibi anapakata viazi, watoto hapakati!" Nami nilicheka nao, nikasema watoto wa siku hizi wana kelele, viazi havina.

Mama aliishi sana. Mwaka mmoja nilikwenda kumsalimia kijijini, tukakaa nje juani tukichambua maharage kwenye ungo. Bibi alikuwa amekwisha kufariki zamani. Tulikuwa tunasema habari za mbolea, au za harusi ya mtu, sikumbuki. Mama akauliza, kwa Kibena, bila kuinua macho:

"Siku ile ulipombeba, alikuwa anafanyaje?"

Hakusema nani. Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita, na hakuwa na haja ya kusema nani.

Nilijua alikuwa anafanyaje. Hakuna kitu nilichokijua vizuri kuliko hicho. Lakini nilisikia kama kesi inaanza. Niliona nikisema alinyamaza nitakuwa nimekiri, maana kunyamaza ndiko bibi alikokuita kunyonywa cheche. Nikasema, "Sikumbuki, mama. Nilikuwa mdogo."

"Haya," mama akasema. Akapepeta ungo, akapuliza maganda. Hakuuliza tena mpaka anakufa.

Sasa mwaka jana. Mjukuu wangu Faraja, aliyeolewa na kijana wa Kiislamu wa pale pale Makambako, dereva wa lori, jina lake Shabani, alipatwa na presha ya mimba. Miguu ilivimba, macho yakaona giza, wakamkimbiza hospitali, wakampasua kuokoa wote wawili. Mtoto wa kike, miezi saba, kilo moja na gramu mia mbili. Shabani alikuwa foleni mpakani Tunduma na mzigo wa watu. Mama yake Faraja, ambaye ni binti yangu, aliolewa Songea, angefika kesho yake. Nikabaki mimi na kikapu cha uji.

Nesi wa wodi ya watoto njiti, mama mmoja mnene mwenye vicheko, alinikuta kwenye benchi.

"Bibi, wewe ndiye ndugu wa Faraja?"

"Ndiyo mimi."

"Faraja presha bado iko juu, hawezi kukaa. Mashine yetu ya joto ni moja na ina watoto wawili wenye hali mbaya zaidi. Kitukuu chako anataka kifua."

"Kifua cha nini?"

"Cha kulalia. Ngozi kwa ngozi. Tunaita kangaruu, kuna mnyama huko kwa watu anabeba mwanawe kwenye mfuko wa tumbo. Vua sweta, bibi, nikufungie."

Nikashika vifungo vya sweta. Nilisema, "Mimi kifua changu si kizuri."

"Kina kikohozi?"

"Hapana."

"Kina vidonda, upele?"

"Hakina."

"Umeoga leo?"

"Nimeoga!"

"Basi bibi, kifua kibaya kikoje? Ndugu yangu, nionyeshe nikijue."

Wanawake waliokuwa kwenye vitanda, kila mmoja na kichwa kidogo kikichungulia kwenye kitenge chake, walicheka. Nikamtafuta Shabani kwenye simu, nikimwomba arudi. Akasema kwa kupiga kelele maana malori yalikuwa yananguruma, "Bibi, nasogea kwa hatua moja kwa saa! Ningekuwepo ningembeba mimi, kifua changu kina manyoya ya kutosha!" Alikuwa anatania, hakujua neno manyoya linafanya nini ndani yangu.

Nesi aliacha kucheka. Alikuwa ameshika kipima joto. "Bibi, ana thelathini na nne. Kila tunavyosimama hapa inashuka. Unaogopa nini?"

Nikasema. Mbele ya wale wanawake wote, jambo ambalo mume wangu aliyelala nami miaka arobaini hakulijua, nikalisema. "Nilishambeba mmoja wa hivi. Alikufa."

"Alifia kifuani kwako?"

Sijawahi kuulizwa hivyo. Wala mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza hivyo. "Hapana," nikasema. "Walimtoa kwangu. Alirudishwa chunguni. Alikufa asubuhi."

"Na siku ile ulipombeba, alikuwa anafanyaje?"

Lilikuwa swali la mama. Neno kwa neno, ila kwa Kiswahili.

"Alinyamaza," nikasema.

Nesi mwenyewe akaanza kufungua vifungo vya sweta yangu, kama anavyovuliwa mtoto. "Alinyamaza kwa sababu alipata joto, bibi. Hawa wakipata baridi wanaguna, nguvu yote inaishia kwenye kuguna. Wakipata joto wanalala. Kaa hapa."

Alimlaza kati ya maziwa yangu haya ya kizee, kofia kichwani, soksi miguuni, mpira mwembamba wa maziwa puani, akatufunga pamoja kwa kitenge, fundo begani. Mtoto alikuwa anaguna. Nh, nh, nh. Mlango ule ule. Miaka sitini nimeusikia mlango ule usingizini, na sasa ulikuwa kwenye ngozi yangu tena. Nilianza Salamu Maria nikaishia katikati, nikaanza tena.

Halafu akanyamaza.

Nilipiga ukelele. "Sista! Amenyamaza! Sista!"

Nesi alikuja mbio, akainama, akasikiliza, akaweka kipima joto kwapani, akasubiri. Mimi nilikuwa nimefumba macho.

"Thelathini na sita na nusu," alisema. "Amelala, bibi. Na wewe punguza kelele, utamwamsha."

Nililia pale, na hakuna aliyenikataza. Nililia kimya kimya nisimtikise.

Kukaa na mtoto kifuani siku nzima kunakupa muda wa kufikiri, na mimi nilifikiri yale ambayo sikutaka kuyafikiri. Nilikumbuka kuwa baba alizaliwa mwezi wa Novemba. Bibi mwenyewe alikuwa akisimulia jua la mwaka ule lilivyopasua ardhi kabla ya mvua. Chungu kando ya moto kwenye jua lile kilitosha. Mdogo wangu alikuja na sakitu. Bibi aliona chungu kile kile, moto ule ule, hakuona mwezi. Lilikuwa kosa la mtu aliyewahi kupata bahati mara moja akadhani amepata njia.

Siwezi kusema mdogo wangu angepona. Hata pale wodini, pamoja na mipira yao na dawa zao, asubuhi moja mama wa kitanda cha jirani alifunguliwa kitenge chake, akatoka akiwa amekikunja mkononi. Nesi alisema wengine wanakuja wamechoka mno. Labda wangu pia alikuwa amechoka mno. Lakini angekufa kwenye kifua cha mtu. Mama alikuwa amenyoosha mikono, nilimwona, na sikusema, "Bibi, mpe." Nilikuwa mtoto, hilo najisamehe. Nisilojisamehe ni lile la kwenye ungo wa maharage, maana pale nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto. Mama hakuwa anafungua kesi. Alikuwa na mwana aliyemwona siku tatu na ambaye hakumpakata hata mara moja, na katika dunia nzima mtu mmoja tu ndiye aliyempakata. Alikuwa anaomba habari zake. Mimi nikamwambia sikumbuki.

Mtoto wa Faraja alifika kilo moja na nusu na zaidi kidogo, wakaturuhusu, wakisisitiza tuendelee kumbeba nyumbani hivyo hivyo. Tukagawana zamu: Faraja, mama yake, Shabani akirudi safari, na mimi. Wajukuu wanasema mikono ya bibi imeota.

Jumamosi moja ambayo zamu yangu ilikuwa ya jioni, nilipanda basi la asubuhi hadi Njombe, nikachukua bodaboda mpaka kijijini. Nyumba yetu haipo tena, miwati imekula uwanja wote. Nilitafuta mahali pa chungu nyuma ya nyumba, lakini nyuma ya nyumba ni wapi, kama nyumba yenyewe hujui iliishia wapi? Sikupaona. Kaburi la mama lina msalaba. Nikang'oa majani, nikakaa chini, nikamsalimu, "Kamwene, mama," nikamjibu kwa lugha aliyoniulizia.

Nilimwambia alikuwa anaguna, nilipomweka kifuani akajikunja, akageuza shavu akaliweka hapa. Nilimwambia mgongo ulikuwa unapanda na kushuka. Nilimwambia alipata joto, akalala.

Upepo ulikuwa wa baridi. Nilifunga sweta yangu vifungo vyote, nikashuka barabarani kusubiri gari, nisije nikachelewa zamu.